Makuba ya volkano mwezini, na usiku wa kuyatafuta

(Mhadhara uliotolewa Upanga, Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni. Nashukuru mmekuja wengi, na nimefurahi zaidi kuona watoto wamekaa mstari wa mbele.

Niseme mapema ninachokiamini: makuba ya volkano yaliyoko mwezini hayamtaki mwenye darubini kubwa, yanamtaka mwenye kujua tarehe. Na tarehe za mwezi sisi watu wa pwani tunazo. Kalenda ya Hijria imetundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Kariakoo na Magomeni, na mvuvi wa Feri hahitaji kuulizia lini ni bamvua na lini ni maji mafu. Basi mwenye kutafuta makuba ajiandae kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi na mbili, yaani siku ya nne hadi ya kumi na mbili tangu mwezi kuandama, si Aprili hadi Desemba, maji mafu yakiangukia humo katikati. Mwezi mpevu tunaupenda sote, lakini kwa kazi hii haufai. Jua linaupiga usoni, vivuli vinakwisha, na kila kilichoinuka kinaonekana bapa.

Kuba lenyewe ni volkano fupi na pana. Mengi yana upana wa kilometa 5 hadi 20, kimo cha mita mia chache tu, na mteremko wa digrii 1 hadi 3. Mtu akisimama pale hatajua kwamba yuko juu ya mlima. Tumezoea Kilimanjaro na Ol Doinyo Lengai, milima inayojitangaza kwa mbali. Lava iliyojenga makuba mengi ya mwezini ilikuwa nyepesi kama uji, ikatoka taratibu na kutandaa kabla ya kuganda.

Sasa fikirini hesabu yake. Jua likiwa limepanda digrii 1 mbele ya kuba lenye mteremko wa digrii 2, upande wa nyuma unabaki gizani. Likishavuka digrii 2, kivuli hakipo tena. Linabaki doa la kijivu upande mmoja na mng'ao upande wa pili, na baada ya muda hata hayo hufifia. Mwezini jua hupanda nusu digrii kwa saa, yaani digrii 12 kwa siku. Kuba uliloliona vizuri leo, kesho kama saa hizi hulioni, hata ukiazima darubini ya chuo kikuu. Ndiyo maana nasisitiza tarehe. Mpaka wa mwanga na giza husogea kilometa 15 kila saa kwenye ikweta ya mwezi, nasi tunauandama.

Mwezi wa nne au wa tano, tazameni jirani na kreta, yaani shimo la duara, iitwayo Cauchy, kwenye Bahari ya Utulivu, ambayo ni tambarare kavu ya lava. Siku moja baadaye ni zamu ya makuba mawili ya Arago, kwenye bahari hiyohiyo ambako Apollo 11 ilitua mwaka 1969. Usiku wa leo, mwezi wa kumi, ndio ninaoupenda kuliko yote. Tafuteni Copernicus, kreta ya kilometa 93 ambayo haijifichi. Kutoka hapo sogeeni kuelekea upande wa giza mpaka mkute kreta ndogo ya Hortensius, kilometa 15 hivi. Kaskazini yake tu kuna makuba sita yamekaa pamoja. Tulieni hapo, msihame haraka. Hewa ikichezacheza mtaona uvimbe tu. Ikitulia kwa sekunde moja, kitundu cheusi kinatokea kileleni, kisha kinapotea. Kitundu hicho ndicho kinywa cha volkano. Darubini yenye kioo cha sentimita 10 inatosha, maana hewa ikiwa nzuri inatenganisha vitu vilivyoachana kilometa 2 hivi huko mwezini. Mbele kidogo, karibu na Milichius, kuna kuba jingine la peke yake, nalo lina kitundu chake.

Kuhusu kreta, karibu zote mnazoziona zilichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani, na kingo zake zimeinuka. Hyginus ni tofauti. Ina upana wa karibu kilometa 10, haina ukingo ulioinuka, na imekaa katikati ya ufa mrefu. Pale ardhi ilibomoka na kuzama baada ya kukosa kitu cha kuishikilia chini. Ngorongoro yetu nayo ilizama baada ya volkano kutapika kilichokuwa tumboni mwake. Mwezi wa saba ndio wake.

Tuje kwenye picha. Simu inatosha kuanzia. Nunueni kishikio cha kuifunga kwenye lenzi ya jicho, kwa sababu mkono hautulii. Fungeni fokasi, punguzeni mwanga mpaka sehemu angavu zisiungue, kisha rekodini video ya dakika moja au mbili badala ya kupiga picha moja. Programu kama AutoStakkert huchambua fremu zote, huchagua zile zilizonaswa hewa ilipotulia, na kuzipanga moja juu ya nyingine. Hapo sasa kuna kishawishi cha kukoleza picha mpaka kila kitu kiwe na makali. Naomba msifanye hivyo. Kuba ni mabadiliko madogo ya kijivu, na ukolezaji ndio unaoyaua. Mimi nachagua picha laini yenye kuba kuliko picha kali isiyo nalo.

Hewa ya Dar ina tabia zake. Masika mawingu hayatupi nafasi. Juni hadi Septemba ndio msimu. Msipande juu ya paa la zege lililoota jua mchana kutwa, joto lake linapanda na kuchemsha picha. Uwanja wenye nyasi ni bora. Coco Beach ni pazuri, ila upepo unatikisa stendi. Na unyevunyevu wetu unaotesha kuvu kwenye lenzi, kwa hiyo hifadhini vifaa kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Mwezi wa kumi na moja yapo makuba ya Gruithuisen, nayo yananisumbua akili kweli. Yana miteremko mikali, na vipimo vya LRO, chombo cha NASA kinachouzunguka mwezi, vimeonyesha yana silika nyingi, madini yanayoifanya lava iwe nzito. Duniani lava ya namna hiyo hupatikana kwa urahisi palipo na maji na mabamba ya ardhi yanayosukumana. Mwezini mabamba hayo hayapo. NASA imepanga kupeleka vyombo hapohapo. Wachina nao, Desemba 2020, walitua kaskazini-mashariki ya Mons Rümker, kundi la makuba lenye upana wa kilometa 70 hivi, wakarudi na gramu 1,731 za udongo na mawe. Lava ya pale ina umri wa miaka bilioni 2, changa kuliko sampuli zote za lava zilizoletwa na Apollo.

Mkipiga picha, andikeni saa. Saa 2:00 usiku ya hapa ni 17:00 kwa saa za dunia. Ukijua saa, unajua jua lilikuwa digrii ngapi. Na mlima wenye kivuli cha kilometa 5.7 jua likiwa digrii 2 una kimo cha mita 200. Picha isiyo na saa haipimiki.

Mwezi sasa umekaribia utosini, na darubini mbili ziko tayari uwanjani. Watoto watangulie. Wenye simu, tafadhali zimeni flashi.