Maji Yaliyopwa Yasijae

SALIM: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Tuko chumbani kwetu South B, blanketi tumetundika dirishani. Ukisikia mitungi ikigongana huko nje, huyo ni muuza maji na mkokoteni wake. Mtuvumilie.

ATIENO: Muache agonge. Si leo mada ni maji?

SALIM: Ni maji yaliyoondoka. Dada Atieno, nianze na mjomba wangu. Alivua Lamu tangu ujana, sasa anakaa Eastleigh kwa binti yake, ghorofa ya nne. Kila jioni hutoka roshani akatazama mwezi, halafu anatangaza: “Leo bamvua,” yaani siku ya maji ya bahari kujaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu.

ATIENO: Bamvua Eastleigh! (anacheka) Maji yenyewe ya mtaro.

SALIM: Basi nilimsimulia habari ya Bahari ya Aral. Nikamwambia maji yalipwa. Akauliza, “Yakajaa lini?” Nikamjibu hayakujaa. Akanyamaza, akaniomba chai. Kwa mvuvi wa pwani hilo halina maana, yaani ni kama kumwambia jua lilizama likanogewa huko huko.

ATIENO: Tuwaeleze wasikilizaji ni wapi. Asia ya Kati, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Wanaiita bahari ila ni ziwa, la chumvi kidogo. Mwaka 1960 lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani, kilomita za mraba 68,000 hivi.

SALIM: Ambazo ni kama…

ATIENO: Usimalizie! Najua. Ni kama Ziwa Victoria, kuzidiana ni kidogo tu. Mimi wa Mbita, Salim. Kwetu usiku taa za wavuvi wa omena zikiwaka utadhani kuna mji mwingine majini. Nikisoma habari ya Aral naona zile taa zinazimwa moja moja.

SALIM: Na aliyezima ni pamba. Serikali ya Kisovieti ilitaka pamba jangwani, ikageuza maji ya mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, yakaingia mashambani. Mifereji mingine ilikuwa udongo mtupu, maji yananyweka njiani. Ziwa likakosa wa kulijaza, na jua la huko halina huruma.

ATIENO: Kinachoniuma ni kwamba lilikwenda polepole. Lingekauka kwa usiku mmoja watu wangelia, wakazika, wakahama. Kule Moynaq, bandari ya upande wa Uzbekistan, maji yaliposogea walichimba mfereji kuyafuata ili meli zitoke. Yakasogea tena, wakachimba tena.

SALIM: Kufukuzana na bahari kwa sepetu.

ATIENO: Kabisa. Na kiwanda cha samaki wa mkebe kilikuwa pale pale. Samaki walipokufa kwa chumvi, mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi ukawa umekwisha, lakini kiwanda hakikufungwa. Samaki waliletwa kwa treni, wamegandishwa, kutoka Baltiki na Pasifiki!

SALIM: Yaani mvuvi anafungua kasha la samaki asiyemjua hata jina.

ATIENO: Nyanya yangu huanika omena juu ya nyavu chakavu, na akiwashika tu anajua ni wa jana au wa juzi. Mletee waliogandishwa kutoka Baltiki umwambie endelea na kazi. Mshahara atapokea, sawa. Lakini bado ni mvuvi huyo?

SALIM: Wengine walihama, wavuvi wa Kazakhstan wakaenda maziwa mengine kama Balkhash. Waliobaki Moynaq wana meli zenye kutu zimepangwa mchangani, watalii wanapiga picha. Kibao cha kuingia mjini bado kina samaki. Maji yako zaidi ya kilomita 100, sawa na kutoka hapa hadi Naivasha, upitilize.

ATIENO: Na upepo ukivuma unabeba chumvi na dawa za mashamba ya pamba kutoka kwenye sakafu ile ya ziwa. Ziwa lao wanalivuta kwa pua.

SALIM: Subhanallah. Kaskazini lakini kuna nafuu. Kituo cha treni cha Aralsk, bandari ya upande wa Kazakhstan, kina picha ya vigae ya wavuvi waliopeleka mabehewa 14 ya samaki kwa wenye njaa mwaka 1921, Lenin alipowaomba. Mji huo nao uliachwa na maji. Miaka ya 1990 wavuvi wa Denmark wakawaletea nyavu za kuvulia samaki bapa, macho yote upande mmoja.

ATIENO: Huyo nani tena?

SALIM: Kwetu gayogayo! Alipandikizwa pale kwa sababu anastahimili chumvi. Halafu mwaka 2005 Kazakhstan ikamaliza boma la Kok-Aral, ukuta wa kuzuia maji yabaki sehemu ya kaskazini ya ziwa, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Maji yakapanda kabla mwaka haujaisha, samaki wa maji baridi wakarudi.

ATIENO: Boma hilo hilo ndilo linalozuia maji yasiende kusini. Moynaq wamefungiwa mlango.

SALIM: Yangegawanywa wangekufa wote wawili, dada. Maji yenyewe ni yale yale kidogo ya Syr Darya.

ATIENO: Rahisi kusema ukiwa upande wenye samaki.

SALIM: …Hapo sina jibu.

ATIENO: Mjomba ulimwambia kwamba kaskazini yalirudi?

SALIM: Nilimwambia. Akauliza yalirudi mwezi ukiwa wa ngapi.

ATIENO: (anacheka) Na leo ni wa ngapi?

SALIM: Kumi na tatu. Kesho kutwa bamvua, atanipigia simu.