Usiende Kutafuta Spea na Jina la Mashine

Mhadhara kwa wamiliki na waendeshaji wa kombaini, Igurusi, Mbarali

Kamwene! Waliosimama nyuma sogeeni mbele, kuna kitu nataka mkione kwa macho yenu.

Hii mkononi ni beringi. Imegeuka bluu kwa moto, na gololi mbili zimepasuka. Nimeitunza miaka yote hii kwenye kopo la maziwa, kwa sababu iliniharibia msimu mzima. Ilikuwa mwezi wa sita, tunavuna upande wa Ubaruku, mpunga umeshakauka. Saa nne asubuhi nikasikia mlio kama kinu kimeingia mchanga, halafu moshi. Beringi ya shafti ya feni imekufa. Nikaandika kwenye karatasi jina la kombaini, modeli na mwaka wake, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 800. Kule Gerezani, mtaa wa maduka ya spea, nilizunguka siku mbili. Kila duka jibu lilikuwa moja: "Mzee, mashine hiyo ilishapitwa, spea zake hazipo." Mmoja alitaka nimwachie hela aagize, nisubiri miezi miwili. Nikarudi mikono mitupu. Siku tano zimepotea, mpunga unapukutika, na uliobaki tulipoukoboa ukatoka chenga, maana punje iliyochomwa na jua shambani kupita kiasi hupasuka kinuni. Na shamba lenyewe halikuwa langu. Yule mama mwenye shamba bado tunasalimiana, lakini sijasahau alivyoinama kuokota mashuke.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa gereji pale Mwanjelwa, Mbeya mjini. Aliichukua beringi hii hii, akaifuta kwa kitambaa chenye dizeli, akaigeuzia juani. Ubavuni ikasomeka: 6206. Akavuka barabara, na baada ya dakika kumi akarudi na mpya. Beringi ya namba hiyo imo kwenye mota za umeme, imo kwenye pampu za maji, na mimi nilikuwa nimeifuata Dar!

Ndugu zangu, kiwanda cha kombaini hakifui beringi zake. Kinanunua, kama mimi na wewe. Kwa hiyo someni namba. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, kuanzia 04 kwenda juu: 06 mara 5 ni 30, hiyo ni milimita za tundu la shafti. 6206 ina tundu la 30, nje 62, upana 16. 6306 nayo ina tundu la 30, lakini nje ni 72 na upana 19. Ukikosea tarakimu hiyo ya pili tu, shafti itaingia vizuri, ila beringi haitakaa mahali pake. Na ikiandikwa UC206, mgongo wake umebinuka kama mpira na ina skrubu za kubana shafti. Usikubali kubadilishiwa na 6206 eti tundu ni lile lile.

Naona mtu anatikisa kichwa: namba ikifutika je? Pima kwa venia, kile kipimo cha fundi chenye taya: tundu, nje, upana, uende na vipimo hivyo vitatu. Kwa nini fundi wako anatupa beringi mbovu kichakani kabla hujaiona? Hili linaniudhi kila mwaka. Kipande kibovu ndicho barua yako ya kwenda dukani. Kifunge kwenye kitambaa, usafiri nacho.

Mwingine atasema, mzee, nunua mashine mpya ya minyororo ya mpira, haizami kwenye tope. Ni kweli, haizami. Lakini mkopo wake unaulipa hata mwaka ambao mvua imegoma. Hii ya zamani imeshalipwa.

Mikanda: ikiandikwa B 75, B ni upana wa milimita 17 hivi, 75 ni urefu wa ndani kwa inchi. Usipime mkanda uliovutika. Ikiwa miwili kwenye puli moja, badilisha yote miwili. Cheni: 12A na 12B zina hatua sawa, yaani kutoka pini hadi pini, milimita 19.05, lakini upana wa ndani haulingani, msiziunganishe. Zile ngazi zinazotikisa nyasi, kwenye mashine nyingi za zamani zinakaa kwenye vibao vya mbao. Seremala akupe mbao ngumu, uichemshe kwenye oili, inafanya kazi.

Nakubali, vipo vitu ambavyo ni vya mashine yenyewe: gia za giaboksi, wavu wa chini ya ngoma ya kupukuchulia mpunga, mkanda mpana wa kubadili mwendo. Kwa hivyo, wamiliki watatu wa aina moja changeni, mnunue kombaini iliyokufa, muiweke chini ya bati. Usisubiri ya kwako ife ndipo uanze kuulizia.

Visu nilitaka kuvieleza kwa kirefu, maana mpunga una silika, madini magumu kama ya mchanga, na unavila upesi. Injini ndiyo kabisa sijaigusa. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hili moja tu: msimu ukiisha toa nyasi zote ndani, zinashika unyevu na panya wanazalia humo na kutafuna nyaya. Legeza mikanda. Jaza tangi la dizeli.

Nani amekuja na kipande kibovu? Wewe kijana wa Chimala, lete hapa mezani. Dizeli ipo kwenye kopo hilo, na kitambaa hiki hapa.