Giaboksi ya Buick Riviera 1966: usimsikilize muuzaji, isome yenyewe

Haya jamani mambo vipi huko nyumbani, shikamooni wakubwa, leo niko uani kwa mzee jirani yangu hapa Texas na hiki mnachokiona juu ya turubai ni giaboksi, otomatiki, ya mwaka 1966, na tumeitafuta miezi saba. Giaboksi moja miezi saba! Ngoja nisogeze simu muione vizuri.

Gari lenyewe ni lile pale nyuma, Buick Riviera, mzee aliachiwa na marehemu kaka yake na hataki kuweka giaboksi ya kisasa, anataka ile ile aina iliyotoka nayo kiwandani, mimi namuelewa kabisa. Ya kwake kasha limepasuka, halichomeleki tena. Sasa mtu wa kawaida atakwambia si Turbo 400 hiyo, ndo jina la aina hii ya giaboksi, zimejaa Marekani nzima, General Motors waliiweka kwenye magari mangapi, Cadillac, Oldsmobile, Pontiac, Chevrolet, hata Rolls-Royce na Ferrari waliichukua. Ni kweli, zimejaa. Lakini ya gari hili hazijajaa, na hapo ndipo tulipoumia.

Mwezi wa tatu hivi tulipata moja, muuzaji akatuapia imetoka kwenye Riviera, tukamlipa, tukaisafirisha, kitu cha kilo kama 60 hicho, tukaipandisha chini ya gari na matundu ya bolti hayalingani na injini. Mzee wa watu alikaa kimya pale chini mpaka nikamuonea huruma. Na muuzaji hakudanganya, Riviera kweli, ila ya mwaka 1967! Sasa sikiliza, Riviera ya 1966 ina injini 425, yaani inchi za ujazo 425, kama lita 7, Wamarekani wanaiita Nailhead, kichwa cha msumari, sababu valvu zake ni ndogo na zimesimama wima. Injini hiyo ina mpangilio wake wa bolti kwa nyuma ambao hauko kwenye injini nyingine. Mwaka 1967 Buick wakaleta injini mpya, 430, na bolti zikabadilika. Kwa hiyo jina la gari ni lile lile, giaboksi kwa ndani karibu ni ile ile, lakini mdomo wake wa mbele haukai. Kasha la Nailhead lilitengenezwa 1964 mpaka 1966 basi, miaka mitatu tu, ndo maana adimu.

Na bado hujamaliza, maana ya 1964 nayo sio. Kati ya injini na giaboksi kuna lile bakuli kubwa la mafuta, ndani yake kuna feni zinazotazamana, na katikati feni ndogo inayoyarudisha mafuta kwa nguvu. Kwenye giaboksi nyingi panga za hiyo feni ya kati zimeganda pembe moja maisha yote. Hii hapa panga zinageuka! Umeme unafungua njia ya mafuta, mafuta yanasukuma, panga zinabadilisha pembe, ukiwa kwenye taa gari halivutivuti mbele, ukikanyaga mafuta kwa nguvu linaondoka kama limesukumwa. Wenyewe wanaita swichi-pichi, na kwenye Turbo 400 iliwekwa 1965 mpaka 1967, kwa Buick, Oldsmobile na Cadillac tu. Mimi nikikaa nikifikiria kwamba watu walibuni hiki kitu miaka hiyo ya zamani, bila kompyuta, naheshimu sana.

Sasa njoo tuisome. Wengi wanahesabu bolti za sampu, yaani ile trei ya mafuta ya chini, hapa ziko 13, lakini Turbo 350, giaboksi nyingine ya General Motors, nayo ina 13 kwa hiyo hesabu hiyo peke yake itakuangusha, angalia umbo, sampu ya 350 ni mraba uliokatwa kona moja, hii ina kona kona zisizoeleweka. Kisha upande huu wa dereva, ona hapa, soketi ya waya, na ina pini mbili. Turbo 400 ya kawaida ina moja, ya kushusha gia ukikanyaga mpaka chini, hii ya pili ndio ya zile panga. Ila soketi mtu anaweza kubadilisha, usiishie hapo, chomoa bakuli uangalie meno ya bomba linalotoka kwenye pampu, ya swichi-pichi yana kipande kifupi kuliko ya kawaida. Tumeangalia, ni mafupi. Na upande wa kulia kuna kibati kimepigwa kwenye kasha, hiki nilikisugua na brashi ya waya nusu saa maana kilikuwa kimejaa matope na grisi, kinaanza na 66 ambayo ni mwaka, halafu herufi B. B ni Buick. Ingekuwa A ni Cadillac, O ni Oldsmobile. Mzee aliposoma ile 66 alinishika mkono hakuniachia.

Na nyie mafundi wangu wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, najua hamna Riviera huko, lakini mtu akikuletea gari akasema nitafutie giaboksi used, usiende dukani na jina la gari tu, fungua boneti usome kile kibati cha Toyota palipoandikwa TRANS/AXLE, piga picha, nenda na ile namba. Gari jina moja linaweza kuwa na giaboksi tofauti, mteja analipa mara mbili na lawama zinakuja kwako.

Haya, bado hatujaifunga garini. Kesho asubuhi tunafungua sampu tuone mabaki yaliyotulia chini, kama ni weusi mwepesi tutashukuru, kama kuna chembe za shaba tunaishusha yote mpaka bushi. Nitawasha kamera kabla hatujagusa bolti ya kwanza.