Kuchora huzuni kwa mkaa, bila tone la chozi

Haya, karibuni tena. Leo tunachora mtu aliyefiwa, na chozi hatuchori. Huzuni inakaa kwenye nyusi na mabega; chozi ni la mwisho, tena mara nyingi halihitajiki.

Karatasi iwe na ukakasi kidogo. Manila inateleza, mkaa haushiki. Vijiti hivi nimechoma mwenyewe ndani ya kopo la maziwa lililofunikwa, tundu dogo juu la kutolea moshi. Nauza pia, tumeni ujumbe. Tuendelee.

Kichwa, shingo, mabega, hapo hakuna kazi: laza kijiti ubavu, paka. Mabega yashuke. Shusha zaidi. Zaidi! Huyu yuko msibani, hayuko kwenye gwaride.

Sasa sogeeni, nyusi. Ncha za ndani, za karibu na pua, ndizo zinazopanda. Za nje zinabaki chini. Ukizigeuza umepata mtu mwenye hasira, na huyo si wetu. Katikati ya paji la uso weka mikunjo miwili mitatu, mifupi. Usiguse kwa kidole! Kidole kina mafuta, yakiingia karatasini doa halifutiki tena. Tumia kitambaa. Kidole mbali kabisa... ngoja, feni inapeperusha vumbi mpaka kwenye kamera. Mdogo wangu, izime. Asante. Joto tutavumilia.

Mwanga sasa. Chukua nyama ya mkate, finyanga kidonge, gusa paji la uso na kuinua, usisugue. Raba inafaa, ila raba huwezi kunywea chai.

Mikono, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Käthe Kollwitz, Mjerumani, alifiwa na mwanawe Peter vitani Oktoba 1914. Sanamu za wazazi alizochonga zikawekwa makaburini Ubelgiji mwaka 1932: mama ameinama, baba amepiga magoti, amejikumbatia mwenyewe. Mikono ile inasema yote. Kwa hiyo wetu naye namfunga mikono kifuani, vidole vimeng'ang'ania shati. Kandamiza kijiti kwenye vidole, giza totoro. Shati liache hafifu. Na wewe unayerudi kulainisha nyusi kwa kidole, nimekuona. Kitambaa!

Mwisho puliza dawa ya kushikisha mkaa, ukiwa mbali kidogo, mara mbili nyepesi. Ya nywele inashika, ila karatasi huja kugeuka njano. Wiki ijayo tunachora hasira, kwa hiyo hizo nyusi msizitupe, tutazipindua.