Aliyemwokoa Hakuwepo

Ndugu zangu, mlionisikia zamani mnivumilie, kwa sababu narudi kulekule wodini. Sijapata njia nyingine ya kulieleza jambo hili la kutoa damu kabla haijahitajika.

Mama alijifungua usiku, mtoto akalia vizuri, kisha damu ikaanza kutoka na haikukoma. Tulimchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, tukakanda tumbo, tukamtundikia maji. Tulibadilisha shuka, ikalowa tena. Mzazi anayetokwa damu hivyo anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Mumewe alikuwa kwenye korido, simu sikioni, anapiga jina baada ya jina: "Kaka, wewe damu yako ni kundi gani?" Saa nane za usiku! Na hata huyo kaka angefika mbio, damu yake isingeingia mwilini palepale. Ipimwe kwanza virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, halafu ilinganishwe na ya mgonjwa.

Kilichomwokoa ni mifuko miwili ya damu iliyokuwa kwenye jokofu. Niliishika mwenyewe, ya baridi. Haikuandikwa jina la mtu. Palikuwa na namba, kundi, na tarehe ya kutolewa: siku kumi na moja nyuma. Hebu litazameni hilo. Aliyemwokoa yule mama alimwokoa siku kumi na moja kabla hajaumwa uchungu, na usiku ule alikuwa amelala kwake, hana habari.

Ndiyo maana nabishana na kila anayeniambia, "Nikimkuta mtu anakufa, simwachi." Najua humwachi. Ujerumani na Ufaransa sheria inamwadhibu anayempita mtu aliye hatarini ilhali angeweza kumsaidia bila kujiponza, nami naiunga mkono. Lakini hiyo inamhusu unayemwona. Atakayetokwa damu wiki ijayo humwoni, na ukingoja umwone umeshachelewa. Deni lake unalo leo, ukiwa mzima, na hakuna anayekulilia.

"Si kazi ya serikali?" Serikali inunue majokofu na vipimo, ilipe wahudumu. Damu haina kiwanda. Inatoka kwenye mkono wa mtu. "Nitaishiwa nguvu." Unatoa kama mililita 450. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa wiki kadhaa, na hutakiwi kurudia mpaka miezi mitatu ipite, kwa wanawake minne. "Wanaiuza!" Hili linaniuma kuliko yote. Ukijua inapouzwa, nenda kashtaki, nami nitakuja kusimama nawe. Ila usimwadhibu mgonjwa kwa wizi wa mtu mwingine.

Tena msijazane siku ya ajali kubwa halafu mkapotea mwaka mzima. Chembe nyekundu hazikai zaidi ya siku 42, hata kwenye jokofu. Benki ya damu inaishi kwa watu wanaorudi.

Nilitaka tuzungumze pia juu ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, jambo ambalo kila aliyemo humu angepaswa kulijua, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi. Wahudumu wako chumba cha pili kushoto mpaka saa kumi. Mliokula asubuhi tangulieni. Ambao hamjala, mtapewa chochote kwanza.