Blowa na vakyumu ya gari: usinunue wati, nunua hewa

Karibuni wadau. Gari hili limetoka kuoshwa sasa hivi, bado linachuruzika maji. Hapa mezani nimepanga mashine nne: blowa ndogo ya waya, blowa ya betri, vakyumu ya pipa inayovuta maji na vumbi, na kile kivakyumu kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti cha gari. Vijana wanaofungua sehemu za kuoshea magari huniuliza ninunue ipi, na wenye gari moja nyumbani nao huniuliza hivyo hivyo. Basi leo tunazipitia zote, halafu tunakausha gari hili kwa hewa kuanzia paa hadi ringi.

Tuanze na sababu ya kutumia hewa. Sogea na mimi hapa kwenye kioo cha pembeni. Nimeshakifuta kwa kitambaa, ukikitazama utasema kimekauka. Sasa naelekeza blowa kwenye huu mwanya kati ya kioo na kava lake. Umeona maji yanavyoruka? Hayo ndiyo yanayoshuka mlangoni ukishaanza kuendesha na kuacha michirizi kwenye gari ulilolitoa safi. Maji ya namna hii yamejificha pia kwenye vitasa, nyuma ya nembo, ndani ya kifuniko cha tanki la mafuta, kwenye grili, kwenye matundu ya nati za tairi na chini ya mipira ya vioo. Kitambaa hakifiki huko. Na pale kinapofika, kama kuna chembe ya mchanga imebaki unaiburuta juu ya rangi. Ile mikwaruzo ya miduara unayoiona kwenye gari jeusi likipigwa na jua, nyingi imetokana na kufuta.

Kwa sisi wa Dar es Salaam kuna jambo jingine, na naomba ulichukulie kwa uzito. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Tone likikaukia juani, maji yanaondoka, chumvi na chokaa zinabaki pale kwenye rangi kama doa jeupe. Likizoea kubaki hapo linang'ata rangi, na sabuni ya kawaida hailitoi tena. Kwa hiyo gari likaushwe kabla halijajikausha lenyewe, na likaushwe kivulini.

Haya, tuje kwenye kununua. Ukiingia duka la vifaa, Kariakoo au Gerezani, kitu cha kwanza muuzaji atakachokutajia ni wati. Hii wati 1500, hii 2000, hii 3000. Wati ni umeme ambao mashine inakula. Hazikwambii inapuliza hewa kiasi gani. Blowa ndogo ya Makita UB1103, kwa mfano, ni ya wati 600 tu, na inatoa hewa hadi mita za ujazo 4.1 kwa dakika. Kwa gari la nyumbani hiyo inatosha. Umoja wa Ulaya nao, tangu Septemba 2017, hauruhusu vakyumu za kawaida za nyumbani kuzidi wati 900, na nyumba za Ulaya zinaendelea kufagiliwa vizuri. Kwa hiyo tafuta kwenye boksi kiasi cha hewa kwa dakika na kasi yake. Boksi likikosa vyote viwili na kutangaza wati peke yake, mashine hiyo irudishe kwenye rafu.

Sasa nikuonyeshe namna ya kuibana lebo bila kipimo chochote. Kamera isogee hapa kwenye waya. Unaona maandishi haya madogo yaliyochapwa kwenye gamba lake? Yanasema 2 x 0.75. Maana yake ni nyaya mbili ndani, kila mmoja una unene wa milimita za mraba 0.75. Waya wa namna hii unabeba takriban ampea 6. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha 230 kwa 6, unapata wati 1380. Sasa hii mashine lebo yake inasema wati 3000, ambazo zinahitaji ampea 13. Ama lebo inadanganya, ama waya huu utachemka mpaka uyeyuke. Kwa vyovyote vile, usiichukue. Mashine ya wati 3000 za kweli huja na waya mnene wa milimita za mraba 1.25 au 1.5. Mimi huanzia kwenye waya kabla sijasikiliza bei.

Ukiwa bado dukani, omba iwashwe. Mwaga maji kidogo juu ya meza ya kioo, shika blowa umbali wa shibiri moja, uone kama inayasukuma yote kwenda upande mmoja au inayatawanya tu. Isikilize ikizimwa: mota nzuri inapungua taratibu bila kukwaruza. Uliza pia kama kaboni za mota, vile vipande vidogo vinavyosuguana na kupeleka umeme ndani ya mota, zinapatikana, maana hizo ndizo zinazokwisha kwanza, na kuzibadilisha ni kazi ndogo ukizipata.

Blowa ya betri ina raha yake, hasa kwa anayeosha magari kwa kuwafuata wateja majumbani. Ila fanya hesabu kabla. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Blowa ikila wati 500, betri inaisha ndani ya dakika kumi hivi. Gari dogo utalimaliza. Prado litakuachia ubavu mmoja umelowa. Kwa kazi ya biashara nunua betri mbili na chaja ya haraka, au baki kwenye waya.

Blowa ya petroli ya kupeperushia majani, hapana. Ina nguvu kweli, lakini moshi wake na matone ya oili havina kazi karibu na gari uliloliosha.

Kompresa je? Mafundi wengi wanayo tayari na huitumia. Kompresa ina presha kubwa na hewa kidogo, kwa hiyo ni nzuri kwenye mianya, kwenye nati na kwenye matundu ya hewa ya dashibodi, lakini paa zima litakuchosha. Hewa yake pia hubeba maji na oili kutoka kwenye tanki, kwa hiyo lazima ifungwe chujio la kutenga maji. Mdomo wake wa chuma uufunike kwa kipande cha mpira, ukigusa rangi ni mchubuko. Na usiielekeze kwenye ngozi ya mtu hata kwa utani, hewa ya presha hiyo inaweza kupenya mwilini.

Zipo pia mashine zilizotengenezwa hasa kwa kukaushia magari, kama Master Blaster ya kampuni ya MetroVac ya Marekani, yenye mota mbili. Ubora wa mashine za aina hii uko kwenye vitu vitatu: zina chujio pale zinapovutia hewa, hewa yake ina uvuguvugu, na mdomo ni wa mpira. Hilo la chujio liangalie sana. Blowa ya kawaida haina, inavuta chochote kilicho karibu na tundu lake. Ukiiweka chini kwenye mchanga ikiwa inazunguka, mchanga huo unakwenda moja kwa moja kwenye rangi. Isikae chini. Itundike, au iweke juu ya meza.

Ndugu yako akitaka kukutumia mashine kutoka Marekani, mwambie aangalie volti kwanza. Za kule ni za 120. Za mtumba kutoka Japani ni za 100. Ukizichomeka kwenye umeme wetu zinaungua hapo hapo. Transfoma ipo, lakini ya kubeba mota kubwa ni nzito na ni ghali. Tafuta ya 230 tangu mwanzo.

Vakyumu sasa. Kama pesa inatosha mashine moja tu, mimi nakushauri uanze na hii ya pipa, ya maji na vumbi, kabla ya blowa. Sababu ni hii hapa nyuma: tundu la kutolea hewa. Mpira wa kuvutia unauchomoa mbele, unauchomeka huku, na vakyumu inakuwa blowa. Si zote zina tundu linaloshika mpira, kwa hiyo jaribu dukani. Na kabla hujaitumia kupuliza, mwaga pipa, lioshe, weka chujio safi, la sivyo unapuliza vumbi la siti juu ya gari lililolowa.

Kipimo cha vakyumu ni nguvu ya kuvuta, huandikwa kwa kilopaskali. Tafuta 18 kwenda juu. Kilopaskali 20 ni nguvu ya kupandisha maji kwenye mpira kwa takriban mita 2, na hiyo ndiyo inayong'oa mchanga wa ufukweni uliozama kwenye kapeti. Pipa la lita 15 hadi 20 linatosha nyumbani. Sehemu ya biashara chukua lita 30 na kuendelea. Angalia urefu wa mpira, na uwepo ule mdomo mwembamba wa kuingia pembeni mwa siti, maana huko ndiko kunakojaa karanga na sarafu.

Fungua na mfuniko uone kama ndani kuna boya. Pipa likijaa maji boya linapanda na kuziba njia, maji yasifike kwenye mota. Mashine isiyo na boya usiiamini na maji. Ukivuta maji, toa chujio la karatasi au kitambaa, weka la sponji. Ukirudi kwenye vumbi, rudisha la kwanza. Na usivute petroli, wala majivu yenye moto, kwa vakyumu yoyote ya namna hii.

Hiki kidogo cha soketi ya kiberiti nakisema kwa ufupi. Soketi nyingi zina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Volti 12 mara 10 ni wati 120. Kitaokota makombo ya biskuti ya mtoto. Mchanga kwenye kapeti hakiuwezi.

Kabla hatujawasha, umeme. Tumesimama kwenye maji. Saketi iwe na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachokata chenyewe umeme ukivuja. Ekstensheni ikunjuliwe yote, ikibaki imeviringishwa inachemka, na kiungio chake kining'inizwe juu, kisilale chini. Mikono iwe mikavu. Vaa viatu vya mpira, miwani na vizibo vya masikio. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku tayari inaumiza masikio, na blowa nyingi ukizishika karibu zinapita hapo. Kijana wako anayekausha magari kutwa nzima mnunulie vizibo leo. Kwa mwenye jenereta, liwe na uwezo angalau mara mbili ya mashine, mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ikishachanganya.

Sasa tukaushe. Kwanza usuuzaji wa mwisho. Naondoa bunduki ya maji, naacha mpira mtupu, maji yatiririke polepole kutoka paani. Tazama yanavyoteremka kwa pamoja kama shuka, yakiondoka na matone mengi. Gari lenye nta hapa linajikausha karibu nusu. Lisilo na nta, maji yanaganda kwenye rangi na hata blowa kubwa itahangaika. Ukiona matone hayasogei, gari linahitaji nta, mashine yako haina kosa.

Naanza paani. Mdomo wa blowa uko shibiri moja au moja na nusu kutoka kwenye rangi, umelala kwa mshazari. Nasukuma maji upande mmoja tu, mstari baada ya mstari, kila mstari ukigusa uliotangulia. Nikipuliza huku na huku, maji yanarudi nilikotoka. Paa, kisha vioo, boneti, buti, halafu milango kutoka juu kwenda chini.

Baada ya hapo narudi kwenye mianya. Kioo cha pembeni juu na chini. Kitasa. Nembo. Taa za nyuma. Kifuniko cha mafuta nakifungua kabisa. Milango naifungua, napuliza kingo zake na bawaba, na buti vilevile. Grili nayo, lakini kwa mbali kidogo. Ringi za mwisho, kwa sababu zinarusha uchafu wa breki. Tundu la kila nati, sekunde moja moja. Yaliyorukia milangoni nayagusa kwa kitambaa cha maikrofaiba, nagusa na kuinua, siburuti.

Ndani ya gari blowa haiingii kabla ya vakyumu. Ukianza kupuliza, vumbi lote linapanda na kukaa upya kwenye dashibodi. Mkono mmoja ushike brashi laini, mwingine mdomo wa vakyumu ukifuata brashi nyuma yake. Toa kapeti nje, zipige kwanza, halafu vuta. Siti zirudishe nyuma mpaka mwisho, vuta mbele yake, kisha zisogeze mbele, vuta nyuma.

Ukimaliza, washa gari, litembeze taratibu na ubonyeze breki mara chache diski zikauke, zisishike kutu usiku. Pipa la vakyumu mwaga siku hiyo hiyo, maji machafu yakilala ndani yananuka na harufu inahamia kwenye gari la mteja wa kesho. Chujio lioshe, lianike kivulini, na lisirudishwe kwenye mashine likiwa bado na unyevu.