Ombi Lisilo na Tarehe

Tumsifu Yesu Kristo! (Milele, amina.) Na ninyi Walutheri na Wapentekoste mliojikusanya kule nyuma kama mnaogopa kuhesabiwa, Bwana Yesu asifiwe! (Amina.)

Wanaonijua wameshaanza kutabasamu. Wanasema, huyu mama leo tena na daftari lake la sala. Ndiyo, leo tena. Nitanyamaza siku nitakapouliza, "Mwaka jana, mwezi kama huu, ulikuwa unamwomba Mungu nini?" nikajibiwa. Leo nimeuliza pale mlangoni mkiingia. Dada mmoja akaniambia, "Afya." Afya ya nani? Akacheka, akaenda kukaa. Tunafunga, tunakesha, tunalia mpaka kanga inalowa, halafu jibu likija linamkuta mwombaji ameshasahau alichoomba. Hiyo shukrani itatoka wapi?

Najua mtakachosema. "Mama, Mungu anajua yote, ya nini kumwandikia?" Haya, kwenye kikoba mbona husemi hivyo? Ukinunua hisa unamsimamia katibu mpaka aandike, kisha unainama kuhakikisha hajakosea sifuri. Mungu si anajua umetoa shilingi ngapi? (Kicheko.) Daftari la sala halimsaidii Mungu, linakusaidia wewe unayesahau. Na Wakatoliki wenzangu msiniambie jambo hili ni la kigeni. Nia ya misa mnaiandika kwenye karatasi, na jina la marehemu likikosewa mnarudi kulisahihisha. Habakuki 2:2 mnaijua: "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao, ili aisomaye apate kusoma kama maji." Tusonge.

Sasa twende pale Misheni, kwenye ule mnara. Watoto wetu wote wanajua mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulifika hapa Bagamoyo tarehe 24 Februari 1874. Mnawasimulia wageni habari za Chuma na Susi, watumishi wake, jinsi mwili ulivyokaushwa na kubebwa kutoka kijiji cha Chitambo, huko Zambia ya leo. Vizuri. Lakini kwa nini mnaishia kwenye mwili? Msafara ule ulibeba na karatasi! Ndani yake mlikuwa na maandishi ya mzee mwenyewe, na mojawapo ni sala. Aliiandika tarehe 19 Machi 1872, siku aliyotimiza miaka 59, akiwa hapa hapa kwetu, Kwihara, karibu na Tabora. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alikuwa ameondoka siku chache tu kabla, na mzee amebaki anasubiri wapagazi kutoka pwani. Akaandika kwa ufupi kabisa: Yesu wangu, mfalme wangu, najitoa kwako tena, unijalie kabla mwaka huu haujaisha niwe nimemaliza kazi yangu. Akaandika amina, akatia na jina lake.

Mwaka ukaisha, kazi haikuisha. Tarehe 1 Mei 1873 akafa, bado anatafuta chanzo cha Nile kwenye maji ambayo sisi leo tunajua yanakwenda Kongo. Hapo ndipo ninapogombana na watu wa shuhuda. Wanataka daftari lenye majibu matamu tu: nimepata gari, nimepata visa, nimepata mume. Lile ombi la Kwihara lingekuwa la mmoja wenu angeuchana ukurasa! Yeye aliuacha. Zaburi ya 13 nayo inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau?" na hakuna aliyeifuta.

Naongeza mtu mmoja hapo, mniwie radhi, huyu nampenda. Jacob Wainwright, wa msafara ule ule. Mwafrika, aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Nasik kule India. Ndiye aliyesoma ibada ya maziko pale Chitambo, moyo wa mzee ulipozikwa, akachonga jina la marehemu na tarehe kwenye mti, akaandika orodha ya vitu vya marehemu, na akaweka shajara ya safari ile. Wenzake wanafikiria jinsi ya kupita njiani salama, yeye anatafuta pa kuandikia! Kwa hiyo ukiniambia kuandika ni mambo ya wazungu nitakupeleka kwenye mnara nikuache huko. (Kicheko, makofi.)

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mengine mengi. Basi, haraka haraka.

Daftari la kawaida linatosha. Wale wa kutafuta lenye jalada la ngozi na utepe, wengi wao huishia ukurasa wa kwanza, wanaogopa kulichafua. Simu? Andikia ukitaka, ila utafungua kuandika sala utajikuta unasoma ugomvi wa kundi la wanaukoo. Ukurasa wa kushoto ombi, na tarehe. Wa kulia uache mtupu, jibu lina siku yake. Mistari mitatu inatosha. Usiandike "bariki familia yangu," maana hutajua lini imebarikiwa. Andika, "Kaka na baba hawajaongea tangu Pasaka, wapatanishe." Hiyo ikijibiwa utaiona. Ukiruka wiki usijaze za nyuma, anza na tarehe ya leo.

"Na mume wangu akilisoma?" Swali zuri, kila mahali naulizwa. Dhambi za watu wengine usiziandike kwa majina, andika herufi moja, Mungu atamjua. Dhambi zako mpelekee padri au mchungaji. Na mume akikuta humo anaombewa kila siku, mwache asome.

La kushukuru na la kusoma kurasa za nyuma kila mwisho wa mwezi, mtaniuliza baadaye. Chai imeiva, naisikia harufu ya vitumbua, lakini hamtoki. Kalamu mnazo? Wa nyuma, pitishieni wenzenu karatasi. Tarehe kwanza, juu kulia, halafu ombi moja tu. Dada wa "afya," wewe andika na jina la mgonjwa.